Maji Matamu Juu ya Chumvi

Mtumbwi ulikwama mahali ambapo Mrisho alikuwa ameapa hautakwama. Mashine ilikohoa, pangaboi likachimba tope, na chombo kikalala ubavu chini ya dungu la mama mkwe wake. Maji ya kijito yalikuwa yanakimbilia baharini, yakiacha kuta za tope jeusi huku na huku. Zilikuwa siku za bamvua, za maji makubwa ya mwezi. Maji yangepwa hadi chini kabisa, na mpaka yarudi alasiri hapakuwa na njia ya kutoka.

Alizima mashine, akasikiliza. Mvua ilikuwa imenyamaza tangu alfajiri, lakini mbingu ilikuwa imefunga, nzito, rangi ya ini. Mbele yake mpunga ulikuwa unaanza kuiva, na juu ya shamba zima hapakuwa na ndege hata mmoja. Manati na makopo ya kuamia ndege yalining'inia kwenye nguzo za dungu bila kazi. Aliyewahi kulima delta anajua: ndege wakikuachia mpunga ulioiva, usishukuru. Wamesikia neno.

Kilichomleta ni simu ya asubuhi. Mkewe Zawadi, mwenye mimba ya kwanza iliyofika ukingoni, alikuwa Kibiti kwa shangazi yake Shamsia, awe karibu na hospitali. Redio ilikuwa imetangaza kimbunga kinachokuja kwa upande wa Mafia, na mama yake yuko peke yake shambani, mbali hata na majirani wa Mbwera.

"Kamtoe, Mrisho," alisema Zawadi. "Umenisikia? Usirudi bila mama."

Mtandao ukakatika hapohapo. Mrisho akatia mafuta kwenye mashine, akaondoka kwao Kiongoroni bila hata kunywa chai. Alipopita mlangoni mwa mto aliona kitu ambacho hakukipenda. Mawimbi marefu, mazito, yasiyo na povu, yalikuwa yanaingia kutoka mbali ilhali upepo wenyewe haujafika. Yalinyanyua mtumbwi taratibu na kuushusha taratibu. Alikaza mkono kwenye mashine na hakugeuka nyuma.

Sasa amefika, na bahari haikuwa shida yake peke yake. Aliyekuja kumwokoa ni mama mkwe. Kwao, mwanamume na mama wa mkewe hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni. Na kugusana, hilo hata usilitaje. Wakikutana njiani mmoja huchepuka. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Tangu aoe, Mrisho alimjua Bi Mwanabibi kwa sauti, kwa kivuli na kwa mapishi yake tu. Na siku hiyo mtu wa tatu hakuwapo. Alikuwapo kuku.

"We kuku," sauti ilitoka juu ya dungu, nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni, "hebu muulize mgeni, huko atokako wazima?"

Mrisho akamtazama yule kuku mwekundu, aliyefungwa mguu kwenye ngazi. "Kuku, mwambie mama sie wazima. Zawadi mzima. Ila redio inasema kimbunga, na mie nimetumwa nimchukue sasa hivi."

"Mwambie mtumbwi wake umekaa kwenye tope."

"Mwambie mama nimeuona."

Mrisho akasikia kicheko kidogo kikizimwa kwa upindo wa kanga.

Dungu lile lilikuwa kibanda cha makuti juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba lililokuwa msitu. Zamani Mwanabibi alilima Chumbi, mbali na chumvi. Kisha mvua zikaacha mwendo wake: mwaka mmoja hazikuja, mwaka uliofuata zikaja zote kwa mkupuo na kuzoa mpunga, na mwaka mwingine tena hazikuja. Yeye na marehemu mumewe, Abdalah, wakafuata wenzao huku chini, wakaangusha mikoko, wakapanda mpunga kwenye tope lake jipya. Miaka ya mwanzo tope lile lilitoa mpunga wa kumfanya mtu asahau kwao. Baadaye chumvi ikaanza kupanda kutoka upande wa bahari, majani yakawa yanaungua nchani, nao wakakata mikoko mingine mbele zaidi. Visiki walivyoacha vilibaki chini ya maji, vikali, vimesimama safu kwa safu.

Kati ya shamba na mto mkubwa ulibaki ukanda mmoja tu wa mikoko. Kwa misimu kadhaa Mwanabibi alikuwa akimtumia mkwewe salamu kupitia Zawadi: aje na shoka lake auondoe, unatia mpunga kivuli na kufuga kaa wanaokata miche. Mrisho, ambaye kukata mikoko ndiyo kazi yake, aliahidi kila mara na hakuja hata mara moja. Tusimpambe kwa sifa asizokuwa nazo. Hakuwa na huruma na miti. Aliiona ile ni myembamba, haifai hata kwa boriti, na njia ni ndefu. Zawadi alimwita mvivu, naye hakubisha.

Adhuhuri mvua ilirudi, na maji yakaanza kupanda kabla ya saa yake. Yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani ya migomba na kandambili moja ya mtoto. Yalizunguka nguzo za dungu, yakauinua mtumbwi kwenye tope. Mrisho akasimama. Chombo kimeelea, wangeweza kuondoka saa ileile.

"Kuku! Mwambie mama twende. Maji yamefika."

"Muulize ameyaonja?"

Hili nalo ni la wenyeji wa delta, na Mrisho alikuwa amelifanya tangu utotoni. Maji yakipanda, kwanza unayaonja. Yakiwa ya chumvi ni bahari, nayo haina subira. Yakiwa matamu ni mto, na mto mtu hujipangia nao. Mrisho aliinama, akachota kwa kiganja, akanywa.

"Matamu," alisema.

"Basi ni mto huo, unatoka Chumbi kuja kunitafuta," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa imetulia. "Mto huja kwa adabu, kidole baada ya kidole. Mwambie nikate haya masuke yaliyoiva, yasiozee majini. Mvua ikipungua tutaondoka."

Hapo ndipo Mrisho alipopaswa kusema. Alipaswa kusema habari ya mawimbi yale yasiyo na povu, na kwamba ndege wamehama. Lakini mkwe hajibizani na mama mkwe. Ukitaka kumpinga, unatuma mjomba, unatuma shangazi, unatuma watu wazima na kikapu cha tambuu. Yeye alikuwa na kuku. Akameza neno lake.

Mwanabibi alishuka upande wa pili wa dungu, akakata masuke kwa kisu huku maji yakimfika kiunoni. Mrisho alifanya kazi upande mwingine, kampa mgongo. Mvua ilipozidi, mama akapanda na furushi lake.

"Kuku, mwambie mgeni apande, ananyeshewa bure. Mie nitakaa nyuma ya pazia."

"Mwambie mama ahsante. Chombo kinataka mwangalizi."

Chombo hakikutaka mwangalizi. Yeye ndiye aliyeona haya. Aliufunga mtumbwi kwenye nguzo kubwa ya dungu kwa kamba fupi usije ukayumbayumba, akajikunyata chini ya turubai, akalivuta mpaka kichwani. Angekuwa juu, angeona mbali. Pale chini aliona nguzo, mvua na kamba.

Kwanza ilikuja sauti. Haikuwa ngurumo, ngurumo hukoma. Hii iliendelea, chini kwa chini, kana kwamba malori yote ya barabara ya Kibiti hadi Lindi yamegeuza njia yanakuja shambani. Mrisho akafunua turubai. Mikoko ya ule ukanda ilikuwa imeinama yote kwa pamoja kuelekea kwake. Kushoto kwa ukanda, pale ambapo msitu ulikuwa umeondolewa, hapakuwa na kitu cha kuinama, na maji yalikuwa yanaingia kutoka huko yakiwa yamesimama, ya kijivu, mapana kama shamba lenyewe.

"Mama!" alipiga kelele, akasahau kuku. "Mama, bahari!"

Mtumbwi ulirushwa juu. Kamba fupi ilikaza, ikagoma kukatika. Chombo kikavuta nguzo, nguzo ikavuta dungu, na dungu lote likalia, likainama, likaja chini na makuti yake, masuke yake, sufuria na mama mwenyewe.

Mrisho aliibuka akiwa ameshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mdomo ulijaa chumvi. Mtumbwi haukuonekana. Aliona kanga ikizunguka majini na ndani ya kanga mkono, akanyoosha pondo. Hata pale, wallahi, hata pale alinyoosha pondo na siyo mkono.

"Shika, mama! Shika!"

Mfa maji haachi kutapatapa. Mwanabibi alilidaka kwa mikono miwili. Maji yakawaburuta pamoja juu ya shamba, na chini yao visiki vilikuwa vinangoja. Mrisho alisikia mama akitoa mlio mfupi. Kisha wakabamizwa kwenye ukanda wa mikoko, na humo mambo yalibadilika. Wimbi liliingia kwenye mizizi likiwa jitu na kutokea likiwa limechoka. Matawi yalichapa, yalikwaruza, lakini yaliwashika.

Pondo likamponyoka mama kiganjani. Kichwa chake kikazama, kikaibuka, kikaanza kwenda. Mrisho akauachia mti aliokuwa ameukumbatia, akamkamata mkono juu ya kiwiko, akamvuta kifuani kwake. Mbingu haikuanguka. Ilikuwa imeshaanguka. Alimsukuma juu ya mkoko ulioelekea kuwa mnene kuliko wenzake, akaegemeza pondo kwenye panda ya mti, naye akapanda nyuma yake. Wakakaa kwenye matawi mawili, kila mmoja katazama kwake.

Giza liliwakuta hapo, na upepo ulivuma mpaka ulipochoka. Hawakuwa tena na wa kupitishia maneno. Mwishowe sauti ya mama ilikuja, kavu.

"Kuku kafa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa tutasemaje?"

Mrisho akafikiri. "Tuseme tu, mama."

"Haya," alisema Mwanabibi. "Nimeumia mguu."

Kulipopambazuka Mrisho alitafuta shamba na hakuliona. Pale lilipokuwa dungu palikuwa pamefunguka mkono mpya wa bahari, mpana, ukienda kasi, ukivuta udongo kutoka kingo zake vipande kwa vipande. Mpunga ulikuwa umelala chini ya maji kote. Hakuna kijito alichokitambua. Delta alimozaliwa na kufanyia kazi ilikuwa imegeuka ugeni, na hilo lilimtisha kuliko upepo wa jana.

Mamba mmoja alipita chini yao, polepole, macho na pua tu juu ya maji. Hakuwa na haraka yoyote. Alizunguka mti wao, akaenda zake, kisha akarudi.

"Anasikia damu," alisema Mwanabibi.

Alikuwa amejifunga mguu mwenyewe kwa upande wa kanga, na kwa haya alikuwa amesema ni mchubuko. Mdharau mwiba mguu huota tende. Sasa kitambaa kilikuwa cheusi, na mguu wote kutoka goti kushuka umevimba na kung'aa. Kisiki kilikuwa kimeingia nyuma ya ugoko na kutoka. Jasho lilimtiririka ingawa jua halijachomoza vizuri.

"Nina kiu," alisema. "Kiu mbaya."

Dumu moja tupu lilikuwa limenasa kwenye mizizi. Mrisho akateremka, akalikata kwa meno na ukali wa chaza mpaka likawa kata, akalizamisha hadi kwapani, akalipandisha. Alionja, akatema. Chumvi tupu. Alikaa akiyatazama maji yale ya kahawia, amekata tamaa, mkono mmoja ukielea juu juu. Kisha akapeleka ule mkono mdomoni bila kufikiri.

Alisimama kama aliyepigwa. Akachota tena kwa kiganja, juu tu, kama unavyoengua mafuta kwenye mchuzi. Matamu. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaonja vidole. Chumvi.

"Mama," alisema, "maji ni mawili."

Alimpandishia yale ya juu, akaengua tena na tena mpaka mama akatosheka. Mwanabibi alishusha kata, uso wake ukageukia shamba lililokufa.

"Kumbe na jana," alisema.

"Na jana, mama. Mto ulikuwa juu. Bahari ilikuwa imeshaingia chini yake, inauinua. Tuliyaonja ya juu."

"Mie ndiye niliyesema uyaonje."

"Mie ndiye niliyenyamaza. Niliona mawimbi mlangoni mwa mto, sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kuku?"

Mwanabibi hakucheka. Alianza kulia, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, naye Mrisho akamwacha alie. Ule mpunga ulikuwa wa chakula, wa mbegu, na wa karamu ya mjukuu. Na msitu walioufyeka ili kuupata ungeweza kuusimamisha ule ukuta wa maji. Hakuna aliyehitaji kulisema. Lilikuwa limetanda mbele yao mpaka upeo wa macho.

Jua lilipopanda, maji yalianza kupwa. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mkono mpya, Mrisho aliona vichwa vya minazi juu ya kilima kidogo. Penye minazi pana watu, au walikuwapo. Na bamvua ingerudi tena alasiri, na safari hii mkoko wao usingestahimili, maana mizizi yake ilikuwa imeoshwa na ilianza kulegea. Kila mara mti ulipotikisika waliusikia ukilia chini.

"Hatuwezi kungoja hapa," alisema.

"Wewe nenda. Ukapate watu, waje wanichukue."

Mrisho akamtazama mamba. Mama naye akamtazama mamba.

"Zawadi kasema nisirudi bila mama."

"Siwezi kukanyaga."

"Najua." Mrisho akalamba midomo. Neno lile lilikuwa gumu kuliko kuogelea. "Itabidi nikubebe mgongoni, mama. Unisamehe."

Mwanabibi akavua kanga ya kichwani, akajifunika uso wote, akaifunga kisogoni. Kutoka ndani ya kitambaa sauti yake ikatoka imebadilika, ya kikazi, kama ya mtu anayepakia mizigo.

"Mie hapa ni gunia la mpunga," alisema. "Limelowa, kwa hiyo ni zito. Gunia halina mkwe. Beba."

Alimfunga mgongoni kwa kanga ya pili, fundo kifuani, kama mtoto. Mamba alikuwa amepotea, na hilo halikumfariji Mrisho hata kidogo. Akashuka. Maji yalimfika kifuani, tope likameza miguu yake hadi magotini. Alipapasa mbele kwa pondo, na kisiki cha kwanza kilimkata unyayo.

"Umekanyaga nini?" gunia liliuliza.

"Kisiki, mama."

"Kinene au chembamba?"

"Kinene."

"Hicho ni cha mchu, mkoko alioukata Abdalah mwaka tulipokuja. Kulia kwake pana vitatu vyembamba, vikali mno. Enda kushoto."

Mrisho akaenda kushoto, na kushoto palikuwa salama. Alipiga hatua nyingine, akataja alichogusa, naye akaambiwa. Ndivyo walivyovuka shamba. Yule mwanamke, macho yamefunikwa, alikuwa akisoma ardhi kwa mauti ya miti yake. Kwa kila mti alikumbuka nani aliukata na uliangukia upande gani. Kuna wakati alisema, "Huu nilikata mie mwenyewe, nina mimba ya Zawadi tumboni."

Walipofika ukingoni mwa mkono mpya, Mrisho alisimama. Maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu, yamejikunja katikati. Alitumbukiza pondo likazama lote bila kugusa chini.

"Hapa hapana chini, mama."

"Tuko wapi? Ulipita wapi mara ya mwisho?"

"Visiki viwili vimeshikana."

"Basi panda juu kidogo, kwa upande wa mto. Pale tulipokata miti mirefu ya kujengea dungu, vimeachwa virefu kwenye mstari, tulikuwa tumechoka kuinama. Kama maji hayajaving'oa, vitakufikisha ng'ambo."

Vilikuwapo, baadhi. Vilikuwa vikali nchani kama mishale, vimefunikwa na chaza. Mrisho alipanda juu ya cha kwanza kwa nyayo tupu, akashika pondo kwa mikono miwili, akapapasa cha pili. Mkondo ulimsukuma nyongani. Damu yake ilianza kuchora uzi mwekundu unaokwenda baharini, na mawazo yake yote yalikuwa kwa yule mamba.

Katikati hapakuwa na kisiki. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, pondo likawa linatetemeka kwenye maji. Mguu wa nyuma ukateleza. Wakaenda wote wawili chini, maji yakawafunika, na alipoibuka alihisi vidole vikihangaika kifuani pake. Mama alikuwa anafungua fundo.

"Niache!" alisema, akikohoa. "Peke yako utavuka. Mwanangu asikose wote wawili."

Mrisho aliufunika ule mkono kwa mkono wake, akaukandamiza juu ya fundo.

"Usifungue."

"Mrudie mkeo, mtoto we!"

"Nimesema usifungue!" alimfokea, yeye Mrisho, mama mkwe wake. "Tulia mgongoni! Nikizama, tumezama. Sema kisiki kingine kiko wapi!"

Kukawa na pumzi moja ndefu sikioni mwake. Kisha sauti ya gunia ikasema, kwa unyonge, "Mbali kidogo. Sogea na maji, usishindane nayo. Kiko chini yako."

Alisogea na maji. Kilimpiga gotini, naye akakikumbatia kwa miguu kama mtu anayekwea mnazi. Kutoka pale viwili vingine, kisha tope, kisha mizizi ya minazi. Alitambaa na mzigo wake mpaka penye mchanga mkavu, akalala kifudifudi. Hakuweza kufungua fundo. Mama alilifungua.

Juu ya kilima walikuta majivu ya moto na mbuzi mmoja aliyefungwa, na kabla ya bamvua kurudi wakasikia mashine. Ilikuwa boti ya wavuvi, mwenye kuiongoza anaitwa Faraji, mtu wa Mbwera, akikusanya walionusurika kwenye mapaa na minazi. Alipowaona alitaka kuuliza, akatazama kanga iliyolowa kifuani kwa Mrisho na yule mwanamke aliyefunika uso, akatazama pembeni. Aliwapa maji na mkate. Ndani ya boti Mrisho alikaa mbele kabisa na Mwanabibi nyuma kabisa, na kati yao watu kumi na ushee.

Boti ilifika bandari ya Nyamisati mchana. Gati lilikuwa limefunikwa. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye vibanda vya mama ntilie, mahali ambapo hata wazee wa pale walikuwa hawajawahi kuyaona. Umati ulisimama juu ya mteremko, kila mtu akihesabu vichwa vya watu wake. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama huko juu, halikuweza kushuka kwa tope. Zawadi, aliyetoka Kibiti na shangazi yake kuja kungoja boti, alikuwa mbele ya watu wote, mikono chini ya tumbo lake, na alipomwona mumewe akishuka mbele ya boti peke yake, akapiga kelele.

"Mama yuko wapi?"

Mrisho alitembea ndani ya maji hadi nyuma ya boti, nyayo zimechanika, akageuza mgongo, akachuchumaa. Wavuvi walimsaidia mama kupanda. Walipotoka majini, Shamsia alishuka mbio na kanga mbili mkononi.

"Mteremshe haraka, yarabi! Vijana wengine wambebe! Watu wote wanatazama!"

"Acha watazame," alisema Mwanabibi.

Akapeleka mkono kisogoni, akafungua kitambaa, na uso wake ukawa wazi mchana kweupe, umevimba kwa chumvi na kilio, juu ya bega la mume wa mwanawe. Mzee mmoja aligeuka upande. Wanawake wawili wakaziba midomo. Kuna aliyesema astaghfirullah, na kuna aliyevua kofia. Shamsia alibaki na kanga zake zimefunguliwa, hajui amfunike nani. Zawadi alikuwa analia na kucheka, akawatangulia kupanda mteremko, akipangua watu kwa mkono kama anaongoza maharusi.

Tope lilikuwa linateleza. Nyuma yao maji yalikuwa yanaendelea kupanda, yameshafika kwenye kizingiti cha kibanda cha kwanza, na watu walianza kurudi nyuma bila kuambiwa. Mrisho alikaza mwendo, kainamisha kichwa, anatazama tope tu. Hapo ndipo alipoisikia ile sauti karibu na sikio lake, sauti ya mama mwenye maumivu na mwenye haki ya kulalamika.

"Mrisho," iliita. "Polepole, baba. Unanitikisa."

Mrisho akapunguza mwendo.